Pole na Kazi, kwa Kiingereza Rasmi

Kuna sentensi ya Kichina yenye silabi tano tu ambayo imenisumbua kuliko mkataba wowote wa kurasa mia mbili: *Dajia xinku le*. Mimi natafsiri makaratasi ya ofisi, kutoka Kichina kwenda Kiingereza, kwenye mitaa ya Kilimani na Kileleshwa ambako siku hizi vibao vya maduka vina herufi za Kichina na mama mboga anasalimia wateja kwa "ni hao". Kazi yenyewe si ya kishujaa. Ni risiti, ripoti za saruji, barua za kaunti, notisi za kubandikwa ukutani kwa mjengo. Kisha mwishoni mwa barua, baada ya tarehe na hesabu zote, mkubwa anaandika *Dajia xinku le*, na anataka iingie kwa Kiingereza rasmi, kile cha kupigwa muhuri.

Kamusi itakupa "Thank you for your hard work." Programu ya simu itakupa hiyo hiyo. Lakini mwulize mtoto wa darasa la tatu pale Kangemi. Mweleze tu kwamba ni kitu unachomwambia mtu aliyetoka kazini akiwa amechoka, umwombe akuwekee kwa Kiswahili. Hatafikiria hata sekunde mbili. Poleni na kazi. Imeisha.

Hapo ndipo kuna utamu wa hii stori, na uchungu wake pia. Lugha mbili zilizokulia mbali kabisa zinaelewana juu ya jambo hili bila kusaidiwa na mtu. Nairobi, hata hivyo, zinakutana kupitia lugha ya tatu, na hiyo ya tatu haina neno lenyewe. Kwa nini haina? Ukitaka kujua, itabidi tutembee kidogo. Tutaanza na herufi mbili za Kichina, twende tao mpaka Kenyatta Avenue, tupite makaburini Ufaransa, halafu turudi Waiyaki Way chini ya nguzo za Expressway.

*

*Xinku* huandikwa 辛苦. Herufi ya kwanza, *xin*, ni ukali wa kuchoma ulimi, kama wa pilipili au tangawizi mbichi. Ya pili, *ku*, ni uchungu: wa shubiri, wa muarubaini, wa ile dawa nyanya yako alikushika pua ndiyo umeze. Zikikaa pamoja zinamaanisha taabu ya kazi, ile inayoonjwa na mwili. *Le* ya mwisho inaonyesha kwamba jambo limeshatokea. Kwa hiyo ukiifasiri kavukavu, sentensi inasema: nyote mmeonja ukali na uchungu. Neno asante halimo kabisa.

Wachina huitumia kila mahali. Abiria kwa dereva, mama kwa mwanawe aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi kwa mwalimu. Wakubwa wa nchi pia. Tarehe 1 Oktoba 1984, Deng Xiaoping alipita kwenye gari mbele ya wanajeshi waliojipanga Beijing kuadhimisha miaka 35 ya taifa lao, akawaambia *Tongzhimen xinku le*, ndugu zangu, *xinku*. Wakajibu kwa sauti moja kwamba wanawatumikia wananchi. Xi Jinping alirudia maneno hayo hayo mwaka 2019. Sasa fikiria amiri jeshi wetu akikagua gwaride la Jamhuri awaambie askari, "Poleni na kazi, ndugu zangu." Mtandaoni kungewaka wiki nzima. Lakini hakuna Mkenya ambaye hangeelewa.

Pole yetu hufanya kazi ile ile. Ni ndugu ya upole na polepole. Unampa mfiwa, unampa aliyejikwaa, unampa anayepiga deki korido ya ofisi saa kumi na mbili asubuhi. Wageni huchanganyikiwa: mbona unaniomba msamaha na si wewe uliyeniangusha? Wanadhani pole ni "sorry", na "sorry" kwao inanukia kukiri kosa. Pole haikiri kosa la mtu. Inasema nimeona kwamba jambo hili limekugharimu. Pwani na Tanzania bado utasikia jibu lake la heshima, "nimeshapoa". Nairobi tunajibu "asante", ama "tutado?", tunaendelea.

"Hard work" ni kitu kingine. Hard work ni sifa, iko ndani ya mtu kama vile urefu au akili. We ni mchapakazi, hongera, endelea hivyo hivyo. Ukimsifu mtu kwa hard work hujasema kwamba kazi ilimfanya nini, na wala hujasema kwamba una deni lolote kwake. *Xinku* na pole zinaanzia upande ule mwingine, kwa yule aliyeumia mgongo. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye barua na kuisoma mbele ya watu mia moja waliovaa gambuti.

*

Usidhani Kiingereza kimeyafungia mlango maneno ya Kichina yanayohusu jitihada. Mwaka 2018 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza "add oil", ambayo ni *jiayou* ya Wachina iliyofasiriwa neno kwa neno na watu wa Hong Kong: ongeza mafuta. Hiyo ni ya kumtia mtu moyo kabla ya mtihani au katikati ya mechi. Sisi hatuna shida nayo hata kidogo. Kaza. Komaa. Kanyaga mafuta, kama anavyoambiwa dereva wa matatu ya Kawangware akiona kanjo.

Kabla yake kulikuwa na "gung ho". Mwaka 1938, China ikiwa vitani na Japani, vilianzishwa vyama vya ushirika vya viwanda, na Rewi Alley, mtu wa New Zealand, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Jina refu la vyama hivyo likafupishwa kuwa *gonghe*. Evans Carlson, ofisa wa Marini wa Marekani aliyekuwa amekaa China, akalichukua na mwaka 1942 akawafundisha askari wake kwamba maana yake ni kufanya kazi pamoja. Kwa Kichina lilikuwa kifupi cha jina la shirika tu. Kwa Kiingereza likawa kelele ya vita, mwaka uliofuata likawa jina la sinema, na leo linamwelezea mtu mwenye mzuka kupita kiasi.

Unaona mtindo? Maneno ya kumsukuma mtu mbele yaliingia. Kaza, songa, ongeza mafuta. Neno la kumpa pole baada ya kusukumwa halikuingia. Na kuna neno la tatu, la zamani kuliko hayo yote, ambalo lilisafiri kinyumenyume.

Neno hilo ni kuli. Wengi hulifuatilia hadi Kitamil, ambako *kuli* ni ujira. Wareno na Waingereza wakalibeba baharini, na kufikia karne ya 19 "coolie" kwa Kiingereza alikuwa mtu yeyote wa Asia anayebeba, anayechimba, anayepakia. Ujira ukatoka ndani ya neno, akabaki mbebaji. Likafika pwani yetu, likawa makuli wa bandari za Mombasa na Unguja. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya nzima kwa jina hilo, *Kuli*, ikachapishwa mwaka 1979, kuhusu wapakuaji wa meli wa Zanzibar na mgomo wao.

Wachina nao walilisikia kutoka kwa wazungu waliokuja kusajili vibarua bandarini kwao. Ili kuliandika walihitaji herufi mbili zenye sauti zinazokaribia. Wakachagua *ku*, ile ile ya uchungu, na *li*, nguvu. 苦力. Nguvu chungu. Yaani neno lililopitia kwenye vinywa vya wenye meli likiwa halina hisia yoyote, lilipofika kwa watu ambao wangeitwa hivyo lilirudishiwa uchungu wake. Sijawahi kuona tafsiri bora kuliko hiyo, na aliyeifanya hajulikani.

Nairobi yenyewe ina deni kwa neno hilo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye tambarare hii yenye matope mwaka 1899, na kambi ya reli ndiyo ikawa mji. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kwenye Kiingereza cha reli walikuwa "coolies". J. H. Patterson, yule mhandisi wa simba wa Tsavo, aliwaita hivyo katika kitabu chake cha 1907, na hakuwa anatukana kwa makusudi. Ndilo lilikuwa neno la kazi, kama tunavyosema leo watu wa mkono.

*

Sasa tushukie tao. Ukitembea Kenyatta Avenue utakuta sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928. Wawili ni wapiganaji wenye silaha. Mmoja ni mpagazi. Watu hupiga selfi hapo, wengine hukaa kungoja deti. Wachache husoma maandishi chini, ingawa yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka wanajeshi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watakumbuka jina lako.

Miguu na mikono. Hicho ndicho Kiingereza rasmi cha jitihada, kile cha kupigwa muhuri, na sentensi yenyewe ni nzuri. Lakini ukiitazama kwa macho ya mtafsiri, unaona jeshi ndilo lenye mwili. Mpagazi ni kiungo chake. Na mguu hauna mgongo wa kuuma wala jina la kukumbukwa na mtoto.

Wapagazi hao walisajiliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Mababu zetu wakatamka walivyosikia, na ndiyo maana leo ukitaka nyama choma na kiondo unaenda Kariokor. Mtaa huo ndio uliobeba jina lao kwa ulimi wa watu wa kawaida. Kaburini walifanyiwa tofauti. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti mwezi Aprili 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Ahadi ya pale Kenyatta Avenue ilikuwa imeandikwa miaka 93 kabla.

Wakati wapagazi wetu wakifia njiani, Wachina nao walikuwa vitani Ulaya bila bunduki. Waingereza na Wafaransa walisajili takriban 140,000 kuchimba mahandaki, kupakia mizigo, kutengeneza reli. Kule Noyelles-sur-Mer, kaskazini mwa Ufaransa, kuna makaburi yao zaidi ya 800. Hawa walipata mawe, na kwenye mawe kuna misemo michache inayorudiwa, kwa Kichina na kwa Kiingereza. Mmoja kwa Kichina ni *yong wang zhi qian*: kwenda mbele kwa ushujaa, moja kwa moja. Kiingereza kilichochongwa pamoja nao ni "A noble duty bravely done."

Kaa na hiyo kidogo. Kichina kinamwonyesha mtu akienda, yuko njiani bado, hata jiwe halijamsimamisha. Kiingereza kinamwambia amemaliza. Na kimeongeza neno ambalo halikuwepo: "duty", wajibu. Ukishasema mtu alitimiza wajibu wake, umefunga hesabu. Alikuwa anadaiwa, amelipa, tumemalizana. Yule mchimba mahandaki kutoka Shandong aliyekuja kwa mshahara wa mkataba anageuzwa mtu aliyekuwa na deni kwa ufalme wa watu wengine. Huo ndio upande ambao Kiingereza rasmi cha kazi huegemea kikiachwa peke yake: deni linabaki kwa mfanyakazi.

Kati ya Wachina waliokuwa Ufaransa kulikuwa na kijana msomi, Yan Yangchu, anayejulikana zaidi kama James Yen. Alimaliza Yale mwaka 1918 akaenda kuwasaidia vibarua chini ya YMCA. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaandikia barua za nyumbani. Usiku baada ya usiku walipanga foleni, mpaka akaona ni afadhali awafundishe kusoma na kuandika wenyewe. Aliporudi China akatumia maisha yake yote kwa elimu ya watu wa kawaida. Baadaye alieleza kwamba kule Ufaransa aligundua mambo mawili kuhusu kuli: *ku* yake na *li* yake. Uchungu wake, na nguvu zake. Kila nikikaa mbele ya barua ya mtu mwingine huwa namkumbuka huyo jamaa.

*

Turudi nyumbani. Kenya na China zilianza uhusiano wa kibalozi tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili tu baada ya uhuru, kisha zikakosana vibaya miaka hiyo hiyo ya sitini. Zilipopatana, kazi ikaanza kuonekana kwa macho. Uwanja wa Kasarani mwaka 1987. Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza Afrika. Redio ya Kimataifa ya China kwenye FM ya Nairobi mwaka 2006. Thika Road mwaka 2012. SGR mwaka 2017, ikifuata karibu njia ile ile ya makuli wa 1896. Halafu Expressway mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westi, inayoshukia James Gichuru.

Njia ya moja kwa moja kati ya Kichina na Kiswahili ilikuwepo kitambo. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Kati ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania walijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, na baadhi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wamezikwa Gongo la Mboto. Mwaka 2011 Watanzania walitazama tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani.

Nairobi tulichagua njia ndefu. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kwenye karatasi ya mjengo, hata hivyo, rasmi bado ni moja. Zabuni ni Kiingereza, mkataba ni Kiingereza, notisi ya usalama ni Kiingereza, barua ya kumwachisha mtu kazi ni Kiingereza. Mchina anafikiri kwa Kichina, kibarua anaelewa kwa Kiswahili, na katikati nimekaa mimi na "Thank you for your hard work."

Ngoja niwape mfano mmoja. Kampuni fulani, jina liachwe, ilikuwa imemaliza jengo la makazi upande huu wa magharibi, ghorofa kumi na kitu. Mkubwa aliandika barua ya kufunga kazi isomwe mbele ya wote. Mwisho, kama kawaida: *Dajia xinku le*. Nilimshauri tuweke na Kiswahili chini. Akasema barua ya kampuni ni ya Kiingereza. Sawa. Nikaandika vile alivyotaka, mhandisi akaisoma, watu wakapiga makofi yale ya kupigia mgeni wa heshima, makofi ya adabu.

Watu walipoanza kutawanyika nyapara akanisogelea. "Mwalimu, hebu niambie. Huyu mzee kwa Kichina alikuwa amesema nini hasa?"

Nikamwambia, "Amesema poleni na kazi."

Akawageukia vijana wake akawapa habari. Nilitarajia wafurahi. Wengine walitabasamu, kweli. Lakini mmoja wa wale waliokuwa wakibeba mawe tangu msingi akasema, bila hasira yoyote, "Kumbe anajua. Basi kama anajua, mwulize za ile ovataimu ya Desemba."

Hakuna profesa aliyewahi kunieleza neno hilo vizuri hivyo. Ukikubali kwamba kazi ilimchoma mtu, umekubali kwamba kuna kitu kilitoka kwake. Na kitu kikitoka kwa mtu, swali linalofuata ni kimerudi nini. "Hard work" haifungui swali hilo. Pole inalifungua papo hapo, ndiyo maana yule kijana aliingia moja kwa moja.

Nilimtafsiria mkubwa swali, kwa Kichina, na nikatumia neno lake mwenyewe: kwa kuwa umesema *xinku*, wanauliza. Akanyamaza. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa shati kwa mkono laini, akaita mtu wa hesabu alete daftari. Walizozana karibu nusu saa. Sehemu ililipwa wiki iliyofuata, sehemu haikulipwa mpaka leo.

*

Kuna watakaosema nalipamba neno. Kweli, pole ni bure. Mkubwa anaweza kuitoa asubuhi, mchana na jioni na bado asilipe, na tunawajua wengi wa aina hiyo, wa kwetu na wa ng'ambo. Pole hainunui unga. *Xinku* pia hutamkwa na watu ambao hawamaanishi chochote.

Lakini Wachina wenyewe wameliunganisha neno hilo na mfuko wazi kabisa. Kuna *xinkufei*, yaani ada ya *xinku*, pesa anayopewa mtu kwa taabu aliyoipata, mbali na bei ya kazi. Fundi amekuja Jumapili, ama dereva amengoja mpaka saa nane usiku, anapewa *xinkufei*. Kuitafsiri kwenye risiti ni balaa. Ukiandika "allowance" inaonekana ni haki iliyopangwa na kampuni. Ukiandika "tip" unamfanya mhudumu wa hoteli. Na ukiitafuta kwa lugha ya mtaa unakuta njia imejaa mashimo: "ya chai" tumeshaipa polisi, "kitu kidogo" vilevile. Imebaki "ya soda", na mhasibu gani atakubali risiti ya soda? Mimi huandika "payment for extra labour and hardship". Ni ndefu, ni mbaya, lakini imebeba *xin*, imebeba *ku*, na ina pesa ndani.

Kiingereza rasmi cha Kenya hukiri *ku* mahali pamoja bila kusita, nayo ni sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Kidole kikikatika, kuna fomu, kuna asilimia, kuna daktari wa kujaza. Mpaka hapo mwili wa mfanyakazi unaonekana. Kabla kidole hakijakatika, mwili huo ni "manpower", ni "labour", ni miguu na mikono. Uchovu wa miaka mitatu hauna fomu.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni. Kwenye barua, *Dajia xinku le* siiandiki tena "Thank you for your hard work." Naandika "We recognise how much this work has cost you", na mkubwa akiniuliza mbona nimeweka "cost", namwambia ndiyo *ku* hiyo. Wengine hukubali. Mmoja aliwahi kuifuta kwa kalamu nyekundu, akasema neno hilo linafanya kampuni ionekane ina deni. Alikuwa amelielewa vizuri sana.

Na barua ikiwa ni ya kusomewa watu wa mjengo, naitisha kurasa mbili. Nataja ibara ya 7, kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ukurasa wa Kiingereza unaenda kwenye faili. Wa Kiswahili unabandikwa getini, mahali ambapo watu wanapita wakitoka saa kumi na moja, mikono ikiwa bado na saruji. Unaanza na poleni na kazi. Chini yake huwa naomba pawe na jedwali: siku, saa, na kiasi ambacho kila kundi linadai.